Ukifika Tunduma bado hujafika nyumbani

Kila msimu wa likizo swali hili hurudi kwa maneno yanayofanana. Msomaji na jamaa zake wameifunga Hiace kitanda na jiko, au Land Cruiser hema juu ya paa. Wamepita Zambia, wamevuka daraja la Kazungula kuingia Botswana, wamefika Namibia au Cape Town, na sasa wanarudi. Wanauliza: tukishavuka Tunduma, si tunaweza kuunganisha moja kwa moja hadi Dar? Na wengine: makaratasi tuliyopewa njiani yana kazi gani tena, maana tumeshafika kwetu?

Najibu hapa kwa urefu, kwa sababu mambo mengi yanayoharibika katika safari hizi hayaharibiki jangwani Namibia wala kwenye foleni za Johannesburg. Yanaharibika siku mbili za mwisho, pale msafiri anapoona bendera yake na kulegeza mkono. Siku ya kuvuka ipange kama siku kamili ya safari, yenye saa yake ya kuanza na mahali pake pa kulala. Usiifanye kipande cha kumalizia.

Kwa wenye haraka

- Lala upande wa Zambia kabla ya Nakonde, uvuke asubuhi.
- Usitoke kituoni bila kufunga hati ya gari ya Zambia. Muhuri wa pasipoti peke yake hautoshi.
- Usiku wa kwanza nchini lala Vwawa, Mlowo au Mbeya. Usiguse njia ya Dar siku hiyo.
- Homa yoyote katika wiki zinazofuata, pima malaria.

Mwenye muda aendelee kusoma.

Usiku wa mwisho Zambia

Barabara Kuu ya Kaskazini inayotoka Lusaka hadi Nakonde ni ya kilomita kama 1,000, na kosa la kawaida ni kuikata kwa pigo moja ili "tukalale kwetu". Matokeo yake ni kufika Nakonde usiku, umechoka, watoto wanalia, malori yamejaa pande zote, na kila anayekukaribia dirishani anadai anaweza kukusaidia. Hata dirisha la huduma likiwa wazi, akili yako imeshafungwa.

Igawe njia hiyo. Kapishya, kwenye chemchemi za maji moto za eneo la Shiwa Ng'andu kati ya Mpika na Chinsali, ni mahali pazuri pa kupumzika kwa wenye magari ya kulala. Utaiacha barabara kuu na kuingia ndani kwa vumbi kidogo, lakini mwili utakushukuru. Usiku unaofuata lala Chinsali au Isoka. Kutoka Isoka hadi mpakani imebaki kilomita mia moja na ushei, nayo ni safari ya asubuhi moja.

Jambo dogo linalowasumbua wengi ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiondoka Isoka saa 12 asubuhi kwa saa ya huko, Tunduma ni saa 1. Ukifika mpakani saa 2 ya Zambia, ofisa wa Tanzania yuko kwenye saa 3. Ukikaribia mpaka simu itadaka mtandao wa huku, kisha wa kule, kisha wa huku tena, na saa yake itaruka pamoja nayo. Mkishaahidiana na mwenyeji wa Vwawa muda wa kufika, semeni mnatumia saa ya nchi ipi. Zima pia data ya kuzurura (roaming), maana salio linaweza kuisha ukiwa bado umeketi ndani ya gari.

Jioni hiyo, panga gari upya

Baada ya wiki nyingi barabarani, gari la kulala huwa limegeuka stoo. Pasipoti ziko chini ya godoro, kadi ya gari iko kwenye mfuko wa viatu. Ofisa akiomba karatasi moja ukaanza kuvuruga mizigo yote mbele ya watu, umejitangaza kwamba hujajipanga. Tenga bahasha moja, na ndani yake weka:

1. Pasipoti za wote pamoja na kadi za manjano za chanjo.
2. Kadi ya gari. Kama gari si lako, weka pia barua ya mwenye gari ya kukuruhusu.
3. Hati uliyopewa na Forodha ya Tanzania siku ulipotoka, inayoonyesha kwamba gari lilitoka kwa muda.
4. Hati ya Zambia ya kuingiza gari kwa muda.
5. Bima, ikiwemo kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, ndiyo maana mawakala wetu huitoa.
6. Cheti cha polisi cha Interpol ulichoonyesha wakati wa kwenda.
7. Risiti zote za ushuru wa barabara na kodi ya hewa ukaa.

Hiyo namba 3 ndiyo wasomaji wanayoiuliza zaidi. "Gari lina namba za Tanzania, nani atabisha?" Namba huthibitisha gari limesajiliwa wapi. Hazithibitishi kwamba kilichotoka ndicho kilichorudi. Kama njiani ulibadilisha injini, ukanunua tela au ukaongeza hema la paa, tembea na risiti yake na uliseme mwenyewe kabla hujaulizwa.

Angalia vilevile tarehe ya bima yako ya Tanzania. Msafiri wa miezi kadhaa hurudi bima ya nyumbani imekwisha bila yeye kukumbuka, na askari wa barabarani huihakiki kwa simu, hahitaji stika. Ikiwa imeisha, ikate upya kwa mtandao ukiwa bado Isoka.

Ndani ya kituo cha pamoja

Kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais wa wakati huo, John Magufuli na Edgar Lungu. Mpango wake ni kwamba unasimama mara moja tu, katika nchi unayoingia. Ukitoka Zambia, maofisa wa Zambia wa kukutoa na maofisa wa Tanzania wa kukupokea utawakuta upande wa Tunduma, ndani ya jengo moja.

Ni mpango mzuri, ila una mtego. Kwa kuwa madirisha yako karibu, mtu hugongewa muhuri wa uhamiaji, anaona "Karibu Tanzania", anaingia kwenye gari na kuondoka. Hati ya Zambia imebaki wazi. Kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato ya Zambia gari hilo bado liko Zambia, na siku lilipoingia lilisamehewa kodi kwa masharti ya kutoka. Ukirudi mwaka unaofuata utakuta deni linakusubiri, na kuthibitisha kwamba gari lilikuwa Mwanza muda wote huo ni kazi ngumu kuliko kusimama dirishani dakika kumi.

Kwa hiyo fuata mfuatano huu, na kila hatua itie alama kwa kalamu:

- Uhamiaji Zambia: muhuri wa kutoka, kwa kila mtu.
- Forodha Zambia: rudisha hati ya gari, subiri ifungwe kwenye mfumo, omba nakala au piga picha.
- Afya: onyesha kadi ya manjano ukiulizwa.
- Uhamiaji Tanzania: muhuri wa kuingia.
- Forodha Tanzania: onyesha hati ya kutoka kwa muda, tamka mizigo yako, gari likaguliwe.
- Soma tarehe za mihuri yote kabla ya kuondoka dirishani.

Wote waliomo kwenye gari wawe kwenye jengo. Usimwachie mtu mmoja pasipoti za wote huku wengine wanakunywa chai mjini. Tunduma ni mji ambao mpaka umepita katikati ya maisha ya watu. Kuna wanaovuka kununua mchele na kurudi, nawe ukiwaona utadhani kila kitu ni holela. Wao wanaishi hapo na wana taratibu zao. Wewe ni msafiri wa kimataifa, na usipokuwa na muhuri utatafutwa kwa hilo.

Vishoka na wabadilisha fedha

Gari binafsi lenye mizigo ya kawaida halihitaji wakala. Wakala wa forodha ana kazi yake halali kwa malori na bidhaa za biashara. Anayekukimbilia kabla hujapaki, akidai foleni ni ya siku mbili na yeye ana njia, ni kishoka. Mwambie, "Asante kaka, tunajimudu," endelea kutembea, na usimpe karatasi yoyote mkononi. Karatasi ikishaingia mkononi mwake, kuipata tena kuna bei.

Wala usimfuate bodaboda anayejitolea kukupitisha pembeni ya malori. Foleni ya malori Tunduma huweza kunyooka kilomita nyingi, na gari dogo kweli huruhusiwa kupita, lakini upande wa kupitia ni ule wanaotokea wenzako. Muulize askari aliyepo, washa taa, nenda taratibu.

Kuhusu kwacha: kadiri unavyoondoka mpakani ndivyo zinavyokosa wa kuzitaka. Zitumie kujaza mafuta kituoni Isoka, na salio lililobaki kwenye simu ya Zambia limalize au likatoe kabla ya Nakonde. Zilizobaki zibadilishie benki au duka lenye leseni. Anayebadilisha barabarani hukuhesabia vizuri mara ya kwanza, halafu anazichukua "kuhakiki", na zinazorudi si zile. Isitoshe, Zambia ilibadilisha noti zake mwaka 2025, kwa hiyo angalia vizuri noti za zamani usije ukabebeshwa. Na kwa waliozoea kulipa kwa dola huko walikotoka: tangu mwaka 2025 ni marufuku hapa nchini kutaja bei au kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Uwe na shilingi za kutosha kulala usiku mmoja.

Mizigo inayoleta maneno

Mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019, na gari linalotoka Afrika Kusini limejaa mifuko ya supamaketi hata pale ambapo mwenyewe hakumbuki: ya takataka, ya viatu, ya nguo chafu. Pekua gari zima jioni ya Isoka.

Nyama, mbegu, miche na matunda. Nyama iliyokaushwa mnayoipenda imalizeni njiani. Mche wa zabibu kutoka Cape hauingii bila kibali cha afya ya mimea, hata ukiwa mmoja, hata ukiwa zawadi ya mama mkwe. Mkulima wa parachichi wa Mbozi anaweza kupoteza shamba kwa ugonjwa ulioingia na mche wa mtu mwema. Tena sheria hizi hubadilika ukiwa safarini: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, kisha zuio likaondolewa muda mfupi baadaye. Waliokuwa barabarani siku hizo walikuta mpaka tofauti na ule waliouacha. Soma habari za nyumbani wiki ya mwisho.

Mtungi wa gesi. Ufunge kabisa kabla ya kuingia kituoni. Ile mitungi midogo ya Cadac inayouzwa kusini mara nyingi kichwa chake hakiingiliani na regulator za mitungi ya hapa, kwa hiyo usinunue wa pili ukidhani utaujaza Mbeya.

Vitu vipya. Friji ya gari, betri ya sola, tairi nne mpya: vitamke. Kuna kiwango cha thamani kinachosamehewa ushuru kwa mkazi anayerudi, na kinachozidi hulipiwa. Kulipa kidogo kwa risiti ni afadhali kuliko kuficha kitu kikakutwa chini ya kitanda, maana kikikutwa, yale uliyoyatamka kwa uaminifu nayo yatatiliwa shaka.

Kama gari lina namba za nje

Swali hili huletwa na ndugu zetu wanaoishi Afrika Kusini au Ulaya, wanaorudi nyumbani na gari la kulala walilolinunua huko. Kama mna kitabu cha forodha, yaani carnet, hakikisheni ukurasa wa Zambia umegongwa kutoka na wa Tanzania umegongwa kuingia, siku ileile. Kama hamna, mtapewa hati ya muda yenye tarehe ya mwisho. Iandikeni ukutani. Gari la namna hiyo haliuzwi, halikodishwi wala halipewi shemeji alifanyie biashara mpaka lilipiwe ushuru, na gari kuukuu lina ushuru wa uchakavu juu yake.

Anayehamia nchini moja kwa moja ana msamaha wake kisheria kwa gari alilolimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12. Lakini msamaha huo huombwa kwa vielelezo, haupatikani kwa maelezo ya mdomo dirishani. Anza kukusanya karatasi miezi kabla ya safari. Na anayesafirisha gari kwa meli kutoka Dar, safari yake haijaisha mpaka Forodha ya bandarini imegonga muhuri wa kutoka.

Kilomita mia moja za kwanza

Kutoka Tunduma unapita Mpemba, Vwawa yaliko makao makuu ya Mkoa wa Songwe, Mlowo, Senjele, kisha unashuka kuelekea Mto Songwe, Mbalizi na Mbeya. Kwa ramani ni kama kilomita 100. Kwa uhalisia ni moja ya vipande vinavyohitaji akili kuliko vyote mlivyopita, na ndipo dereva anapojiona amefika.

Hii ndiyo njia ya shaba na mafuta ya Zambia na Kongo. Malori yake ni mengi na mazito, na miteremko ya Senjele na Iwambi imeshachukua watu wengi. Gari lako nalo si lile uliloondoka nalo: breki zimelika, shokomzoba zimechoka, paa limebeba hema. Basi:

- Kagua breki na ujaze matairi upepo Tunduma kabla ya kuondoka.
- Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Usiweke gari fri kuokoa mafuta. Breki zitachemka na hutakuwa na kitu cha kushika.
- Ukisikia harufu ya breki, ya kwako au ya lori la mbele, tafuta pa kuegesha. Acha lori liende.
- Usilipite lori kwenye kona kwa kuwa dereva wake amewasha indiketa. Yeye haoni kwa macho yako.
- Vijijini ni kilomita 50 kwa saa. Vijiji ni vingi, na askari wapo.
- Usinunue mafuta ya madumu barabarani.
- Usiendeshe kipande hiki usiku. Mvua za masika na ukungu wa asubuhi huongeza hatari, na lori bovu lililoachwa njiani mara nyingi limewekewa matawi tu ya kukuonya.

Mnaotaka kukwepa Tunduma kwa kupita Malawi, mpaka wa Kasumulu upo upande wa Kyela. Ni njia nzuri, lakini mtaongeza nchi moja, hati moja na bima moja. Foleni ya siku moja si sababu ya kutosha.

"Lakini Jumatatu natakiwa kazini"

Najua. Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu likizo ya Mtanzania haina siku za ziada. Hata hivyo, kutoka Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, kuna mlima wa Kitonga, kuna Hifadhi ya Mikumi ambako wanyama huvuka usiku bila kukuuliza. Dereva aliyeamkia Isoka, akasimama mpakani kwa saa nne na kushuka Senjele, hana tena macho ya Mikumi.

Suluhisho liko mwanzo wa safari. Ukipanga ratiba, kata siku mbili kule mbali uzilete huku. Acha mji mmoja wa Namibia usiouona, upate usiku mmoja Mbeya na mmoja Iringa. Kama ratiba imeshaharibika na bosi hasubiri, mwenye kazi apande basi au ndege Mbeya na gari lifuate na dereva aliyelala. Angalizo kwa wanaotumia ndege: uwanja uitwao Songwe uko Mkoa wa Mbeya, karibu na Mbalizi. Usikae Vwawa kuusubiri.

Siku moja ya kukaa Songwe

Mkiwa na siku moja, itumieni hapa. Karibu na kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna Kimondo cha Mbozi, pande la chuma kutoka angani lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 hadi 16, miongoni mwa vimondo vikubwa duniani. Njia ya kuingia inaacha barabara kuu, na gari la kulala hupita vizuri wakati wa kiangazi. Watoto waliochoshwa na mpaka hupata cha kugusa na kuuliza. Mbozi pia ni nchi ya kahawa. Nunueni ya hapa badala ya kufika nyumbani na zawadi za dukani Johannesburg tu. Kwa kulala, Vwawa na Mlowo kuna gesti zenye uwanja wa kuegesha, na Utengule, upande wa Mbalizi, wamezoea wageni wenye magari ya kulala. Juni na Julai baridi ya huku ni kali, msipakie mablanketi chini kabisa.

Siku hiyo pia ndiyo ya kufanya hesabu. Mliochangia mafuta, kaeni mezani mkiwa bado pamoja, risiti ziko mbele yenu na kila mmoja anakumbuka. Hesabu iliyosogezwa hadi "tukifika Dar" hugeuka ugomvi wa kwenye simu, na nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa deni la tairi moja.

Mkishafika

Gari: mwaga maji yote ya tanki, toa magodoro yapigwe jua, osha chini ya gari mchanga wa jangwani na chumvi ya pwani utoke. Mpe fundi orodha ya ulivyovisikia vikilia. Abadilishe oili, asafishe au abadilishe chujio la hewa, akague bushi, tairodi, beringi na breki kabla ya gari kurudi kwenye kazi za kila siku.

Karatasi: hifadhi picha za hati zilizofungwa na mihuri yote kwa mwaka mzima au zaidi.

Mwili: hili nalisema kwa msisitizo kwa wenye watoto. Sehemu kubwa ya Afrika Kusini haina malaria, lakini bonde la Zambezi mlilopita linayo, na ugonjwa huchukua siku saba hadi mwezi, pengine zaidi, kujitokeza. Homa ikija wiki ya pili mkiwa Dodoma au Arusha, watu watasema ni uchovu wa safari. Nenda ukapime siku hiyohiyo, na mwambie daktari nchi zote mlizolala, kuanzia ya mwisho kwenda nyuma.